Damu Yako ni Ngapi?

Ukirudi nyumbani kutoka kliniki ya Garsen au Hospitali ya Ngao ukiwa na kitabu cha mama na mtoto, kuna namba moja ambayo watu watakuuliza kabla hujavua viatu: damu ni ngapi? Ikiwa ni 12, kila mtu anarudi kwenye kazi yake. Ikiwa ni 8, nyumba nzima inakuwa daktari. Shangazi analeta bitiruti, jirani anachemsha rozela, na mwenye duka la dawa anateremsha chupa ya maji mekundu kutoka rafu ya juu. Wote wanakutakia heri. Lakini mara nyingi hakuna hata mmoja wao anayeuliza: ile damu uliyokuwa nayo imekwenda wapi?

Nauandika mwongozo huu kwa ajili ya swali hilo, na kwa ajili ya mtu wa Garsen na vijiji vya delta ya Tana, kuanzia Wema na Oda hadi Tarasaa na Kipini. Kwetu, sababu karibu zote za kupungukiwa damu zimekutana mahali pamoja. Kuna mbu wa mafuriko, minyoo ya udongo wenye unyevu na kichocho cha maji yaliyotuama. Kuna ukame unaomaliza mboga na maziwa, na kuna barabara inayokatika. Mtu mmoja anaweza kubeba mbili au tatu kati ya hizo kwa wakati mmoja, na ndiyo maana chupa moja ya dukani huwa haifui dafu.

Damu inavyozaliwa

Chembe nyekundu za damu huzaliwa ndani ya uboho, ule ute laini ulio katikati ya mifupa. Kwa mtu mzima kazi hiyo hufanyika hasa katika nyonga, uti wa mgongo, mbavu na mfupa wa kifua. Kila sekunde inayopita, uboho wa mtu mwenye afya hutoa chembe mpya zipatazo milioni 2. Chembe moja huhitaji kama wiki moja kukomaa, na karibu na mwisho wa safari hiyo hukitema kiini chake ili nafasi ipatikane ya kujaza hemoglobini, ile protini yenye chuma inayoipa damu wekundu wake na ambayo ndiyo inayopimwa na ile namba ya kliniki. Baada ya hapo huishi siku 120 hivi.

Wazee wanaokikumbuka kivuko cha Garsen, kilichokuwa kikivutwa kwa kamba kabla ya daraja, wataielewa kazi ya chembe hii upesi kuliko mtu yeyote. Hupakia oksijeni mapafuni na kuishusha kwenye misuli, ubongoni, au kwa mtoto aliye tumboni, kisha hurudi kupakia tena. Vivuko vikiwa vichache, abiria hujazana ukingoni. Hivyo ndivyo anavyojisikia mtu aliyeishiwa na damu: anahema, hewa inaingia vizuri mapafuni, lakini wa kuivusha hayupo. Moyo hukimbia ili vivuko vichache vilivyobaki viende mbio zaidi. Ndipo unapomwona mama anasimama mara mbili kati ya mto na nyumba akiwa na mtungi mmoja wa lita 20, ambao mwaka jana aliubeba bila kupumzika.

Anayeuamuru uboho uongeze kazi ni figo. Figo zikihisi oksijeni imepungua, hutoa homoni iitwayo erithropoietini, na uboho huitikia. Kwa hiyo mwenye ugonjwa wa figo wa muda mrefu huishiwa na damu hata akila ini kila siku, kwa kuwa amri haifiki.

Malighafi kubwa ni chuma, protini, vitamini B12 na asidi ya foliki. Hapo kwenye chuma naomba tukae kidogo. Mwili mzima wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 tu za chuma, uzito wa msumari mdogo. Chembe ikizeeka, bandama na ini huivunja na kukirudisha chuma chake kiwandani, miligramu 20 hadi 25 kila siku. Kutoka katika chakula, utumbo hupokea miligramu 1 au 2 tu kwa siku. Maana yake ni kwamba tunaishi kwa chuma kilekile kinachozungushwa tena na tena, na chakula huziba pengo dogo tu. Mtu akianza kuvuja, hata kwa matone, sahani ya siku haitamfikia.

Kwa hiyo damu ikishuka, jiulize mambo matatu. Inamwagika? Inavunjwa? Au haitengenezwi?

Inapomwagika bila kuonekana

Watu wa pwani walikuwa na jina la ugonjwa huu kabla ya hospitali kufika: safura. Neno hilo lina asili ya Kiarabu na linabeba maana ya umanjano, ile rangi ya mtu aliyepauka hadi viganja. Baadaye jina hilohilo likapewa mnyoo unaousababisha, mnyoo wa safura. Waliouita hivyo walikuwa wameona kweli.

Mnyoo huu huingia kwa kutoboa ngozi ya mguu, na hupenda udongo laini wenye unyevu na kivuli. Fikiria ardhi iliyo chini ya miembe na migomba ya ukingoni mwa Tana, mahali ambapo watu hujisaidia kwa sababu choo hakipo au kimebebwa na mafuriko. Akishafika kwenye utumbo hujishikiza hapo na kunywa damu. Aina moja hunywa kama mililita 0.03 kwa siku, nyingine hufika 0.2. Ni kidogo sana, lakini mtu mwenye minyoo 100 ya ile aina ndogo hupoteza mililita 3 kila siku, na chuma kilichomo katika mililita 3 ni karibu kile kile ambacho utumbo wake umeweza kupokea kutoka katika chakula cha siku nzima. Anakula, na mnyoo ndiye anayeshiba.

Watoto wa shule hupewa dawa ya minyoo katika mpango wa kitaifa wa shule. Ninaowahurumia ni watu wazima, maana hakuna anayewafuata shambani. Ikiwa unalima miguu mitupu na damu yako imeshuka, omba kupimwa choo au upewe albendazoli, vaa viatu, na chimba choo mahali maji hayafiki. Mjamzito naye hupewa dawa ya minyoo kliniki, baada ya miezi mitatu ya kwanza kupita.

Kichocho ni mwizi wa pili. Mto Tana, mifereji na mabwawa yake yana konokono wanaokihifadhi, na mtoto huambukizwa anapoogelea au kuchota maji. Kuna sehemu nyingi duniani ambako mkojo mwekundu wa mvulana ulichukuliwa kuwa dalili ya kubalehe. Usikubali maelezo hayo. Mkojo wenye damu, hasa matone ya mwisho, unahitaji kupimwa, na mayai ya kichocho huonekana vizuri zaidi katika mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Ukipeleka wa alfajiri, jibu linaweza kukudanganya. Dawa yake ni prazikwanteli.

Kisha kuna hedhi nzito, ambayo wanawake wengi hapa huivumilia kama sehemu ya maumbile. Ikiwa unalazimika kubadilisha pedi au kitambaa kila baada ya saa moja au mbili, ikiwa damu inatoka kwa mabonge makubwa, ikiwa inapita siku saba, hilo ni jambo la kumwambia muuguzi waziwazi. Vidonge vya chuma pekee vitakuwa kama kujaza maji mtungi wenye ufa.

Na mwanamume? Mwanamume mzima asiye na minyoo, wala kichocho, wala malaria, hana sababu nyepesi ya kupungukiwa damu. Hana hedhi, hana ujauzito. Akipauka, atafutwe mahali anapovuja: vidonda vya tumbo, bawasiri, au uvimbe katika utumbo. Wengi wanaoumwa mgongo kwa kazi ya shamba humeza vidonge vya maumivu vya dukani kila siku, na dawa kama diklofenaki huchubua tumbo na kulitoa damu pasipo maumivu. Choo cheusi kama lami kwa mtu asiyekunywa vidonge vya chuma ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Haya yote ni kweli pia kwa nyanya aliyekoma hedhi.

Inapovunjwa kabla ya wakati wake

Malaria huharibu damu kwa njia zaidi ya moja. Kimelea huingia ndani ya chembe, huzaliana na kuipasua. Lakini pia bandama huanza kuvunja chembe ambazo hazina kimelea, na uboho wenyewe hulegea wakati ambapo ungetakiwa kuongeza bidii. Ndiyo maana mtoto anaweza kushuka kutoka 10 hadi 5 ndani ya siku chache, na ndiyo maana viganja vyake vinaweza kubaki vyeupe majuma kadhaa baada ya homa kuisha.

Hapa lipo onyo ambalo natamani kila mzazi alisikie. Kisiwani Pemba, jirani zetu wa bahari hii hii, watafiti waliwapa maelfu ya watoto wadogo chuma na asidi ya foliki kila siku, bila kuwapima kwanza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006: watoto waliopewa chuma walilazwa na kufariki zaidi kuliko ambao hawakupewa, hata utoaji huo wa chuma ukasimamishwa kabla ya wakati. Lakini katika kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu, ambako malaria ilipimwa na kutibiwa mapema, watoto waliokosa chuma walinufaika nacho. Somo la Pemba kwa nyumba ya Garsen ni hili: mtoto mwenye joto apimwe malaria kwanza, alale ndani ya chandarua, na chuma kifuate baada ya hapo kwa maelekezo ya mhudumu. Usimpe mtoto chupa ya dawa ya damu huku mwili unawaka.

Mjamzito huweza kuwa na malaria iliyojificha kwenye kondo la nyuma bila homa yoyote. Kwa sababu hiyo, kliniki za pwani humpa vidonge vya SP, ambavyo wengi tunaviita Fansidar, kuanzia wiki ya 13, kwa kuachanisha angalau mwezi mmoja. Jambo moja halisemwi vya kutosha: asidi ya foliki ya miligramu 5, ile inayouzwa madukani, huidhoofisha SP. Kidonge cha kliniki cha chuma na foliki kina miligramu 0.4 tu za foliki na hakina shida hiyo. Kama unanunua chochote nje, kipeleke kikaangaliwe.

Damu inaweza pia kuvunjwa kwa sababu ya urithi. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekuwa amekulia Kenya, alizunguka nchini akipima damu za watu, akaona kwamba tabia ya selimundu ni nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria na ni adimu nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha sababu: anayerithi nusu ya tabia hiyo, kutoka kwa mzazi mmoja tu, hulindwa dhidi ya malaria kali. Anayeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili ndiye anayeumwa. Chembe zake hujikunja mithili ya mundu, na huishi siku 10 hadi 20 badala ya 120. Mtoto anayevimba vidole vya mikono na miguu, anayelia kwa maumivu ya mifupa, mwenye macho ya manjano na anayeongezwa damu mara kwa mara, apimwe selimundu. Asipewe chuma kwa kubahatisha, kwa kuwa chuma cha chembe zinazovunjika hubaki mwilini, na anayeongezwa damu mara nyingi hujaza chuma hadi kikamdhuru. Kinachomfaa ni asidi ya foliki, kinga ya malaria, penisilini ya kila siku utotoni, chanjo, na haidroksiyurea kwa usimamizi wa daktari. Na tafadhali asilaumiwe mama pekee. Watoto wa namna hii hurithi kwa wazazi wawili.

Inapokosa malighafi

Sasa ndipo tunafika jikoni, mahali ambapo watu wengi huanzia.

Rangi nyekundu ya bitiruti haigeuki kuwa damu. Rozela ina faida kidogo kwa ule ukali wake, lakini si chuma. Chuma kinachopokelewa kwa urahisi zaidi kimo katika nyama, ini, bandama, kuku na samaki. Kambare wa mto ni chakula kizuri cha damu na bei yake ni nafuu kuliko chupa ya dukani. Kilichomo katika kunde, pojo, mbaazi, mchicha, mnavu na kisamvu ni kigumu kupokelewa, lakini hubadilika kikikutana na vitamini C. Kamulia ndimu juu ya mboga baada ya kuipua. Kula embe pamoja na mlo wakati miembe ya Tana imezaa, na msimu ukiisha, unga wa ubuyu utashika nafasi yake. Kipande kidogo cha samaki ndani ya kunde husaidia hata zile kunde zenyewe kutoa chuma chao.

Chai ndiyo adui wa mezani. Kikombe kimoja kinachonywewa pamoja na mlo wa mboga huweza kukata zaidi ya nusu ya chuma ambacho kingepokelewa. Sikuambii uache chai. Sogeza tu saa yake. Inywe kati ya milo, saa moja au zaidi baada ya kula.

Unga nao una tofauti. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwa pakiti uongezwe chuma na asidi ya foliki. Mahindi unayopeleka kwenye kinu cha posho hayana nyongeza hiyo. Kama nyumbani mnakula ya kinu mwaka mzima, kunde na samaki wana kazi kubwa zaidi.

Kwa ndugu zetu wafugaji, Waorma na Wardei, maziwa ni heshima ya nyumba, na ni chakula chema chenye B12 na protini. Upungufu wake ni mmoja: karibu hayana chuma. Mtoto wa mwaka mmoja anayeshibishwa maziwa ya ng'ombe asubuhi hadi jioni hunenepa na kupauka kwa wakati mmoja, na akiwa chini ya mwaka maziwa hayo huweza hata kuukwaruza utumbo wake ukatoa damu kidogokidogo. Miezi sita ya kwanza anyonye maziwa ya mama tu. Baada ya hapo akiba ya chuma aliyozaliwa nayo inakaribia kwisha, na anahitaji pojo zilizopondwa, ini lililosagwa, yai, samaki aliyetolewa miiba. Maziwa yaje baada ya chakula. Akiba yenyewe huongezeka ikiwa mkunga atasubiri dakika 1 hadi 3 kabla ya kukata kitovu. Unaweza kuliomba hilo mapema, nawe una haki ya kuliomba.

Na hamu ya udongo? Utafiti uliofanywa Kilifi na kuchapishwa 1998 ulikuta zaidi ya nusu ya wajawazito walioulizwa wakila udongo. Usimcheke anayekula. Hamu hiyo mara nyingi huandamana na upungufu wa chuma, na udongo wenyewe huweza kuzuia chuma kisipokelewe na kuleta mayai ya minyoo. Mpeleke akapimwe. Kwa wengi, hamu huondoka damu ikipanda.

Vidonge vyenyewe

Ujauzito mmoja hudai takriban gramu nzima ya chuma, yaani robo ya chuma chote cha mwili au zaidi. Kwa hiyo kidonge cha kliniki, chenye miligramu 60 za chuma, ni cha kila siku hadi kujifungua, hata kwa anayejisikia mzima. Najua kwa nini wengi huvificha vidonge hivi chini ya godoro: vinachafua moyo, vinafunga choo, vinageuza choo kuwa cheusi. Weusi huo ni wa chuma tu na hauna madhara. Kichefuchefu hupungua ukimeza usiku unapokwenda kulala, kwa maji yenye ndimu, bila chai wala maziwa. Ukishindwa kabisa, mwambie muuguzi badala ya kuacha kimya. Na vifungie mbali na watoto, kwani vidonge vichache vya chuma vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Kwa aliyeishiwa kweli, uboho huanza kuitikia ndani ya wiki moja, na baada ya wiki nne namba inapaswa kuwa imepanda kwa 1 au zaidi. Ikishafika mahali pake, endelea miezi mitatu mingine ili kujaza ghala. Ikiwa umemeza kila siku na namba haijasogea, usiongeze idadi ya vidonge. Rudi kwenye yale maswali matatu, na uombe vipimo vya choo, mkojo, malaria, selimundu, figo, pamoja na virusi vya UKIMWI na kifua kikuu, ambavyo huufanya mwili uifungie akiba ya chuma uliyonayo.

Usisubiri

Kwa mjamzito na kwa mtoto wa miaka 2 hadi 5, chini ya 11 ni upungufu. Kwa mwanamke asiye mjamzito ni chini ya 12, kwa mwanamume chini ya 13. Chini ya 7 ni hatari kwa mjamzito na kwa mtoto mdogo. Lakini usingoje mashine ikuambie: fungua kiganja cha mtoto ukiweke kando ya chako, vuta kope la chini la jicho uone ndani yake, tazama ulimi. Kiganja cheupe pamoja na kuhema haraka, kushindwa kunyonya, usingizi usio wa kawaida, au kwa mtu mzima moyo kwenda mbio akiwa ameketi, ni safari ya hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku.

Tana ikifurika, kama mwisho wa 2023 maji yalipoifunika barabara ya Gamba, safari hiyo huwa ya mtumbwi. Mjamzito ambaye damu yake iko chini na mvua za masika zinakaribia ahamie kwa jamaa aliye karibu na hospitali wiki chache kabla ya siku zake, na familia iulize mapema ni hospitali ipi kati ya Ngao, Hola na Malindi itakuwa na damu ya kundi lake. Damu ya hospitali hutoka kwa watu. Mtu mzima mwenye afya na uzito wa kilo 50 au zaidi anaweza kuchangia, na uboho wake utarudisha chembe alizotoa ndani ya majuma machache. Andikeni majina mawili au matatu ya watakaokwenda, ndani ya jalada la kile kitabu cha kliniki, na namba zao za simu.